Msoma Mita, Mtaa wa Njegere

Tartu, upande ule wa mto
ambako mitaa ina majina ya vitu vya kutia sufuriani,
Njegere, Maharage, Viazi,
Virve husoma mita za umeme.
Mwaka wa thelathini na moja huu.
Hushuka vyumba vya chini, tochi mdomoni,
hupangusa kioo kwa kiwiko,
huandika.

Mwezi uliopita: elfu arobaini na nane, mia mbili na sita.
Leo: elfu arobaini na nane, mia tatu tisini na moja.
Katikati hapo nambari mia moja themanini na nne
zilipita gizani, moja ikiisukuma nyingine,
zikajionyesha kwa panya na kwa rundo la kuni,
zikaenda zao.
Hakuna aliyezisoma. Bili ikalipwa.

"Hizo si hoja," asema Heldur, mwashi wa majiko,
mwenye udongo kuchani hata Jumapili.
"Hizo zimeshapita vichwani mwa watu:
karani fulani, mtoto fulani aliyekosa usingizi.
Niambie za mbali.
Zile ambazo tangu dunia kuwa dunia
hakuna kichwa kilichowahi kuzipa hata kigoda."
Anamimina chai.
"Kigae hakipo mpaka kitoke tanuruni.
Kabla ya hapo ni udongo tu,
na udongo hauna jina la mtu."

Virve hajibu. Ni mtu wa kusoma, si wa kubisha.

Mimi ninayesimulia nina lugha karimu kwa jambo hili.
Ipo: hapa, ningeweza kupagusa.
Iko: huko, upande fulani, usinibane.
Imo: ndani ya kitu kilichoifunika.
Nimezijaribu zote tatu
kwa nambari isiyowahi kuwazwa,
kama mtu mwenye funguo tatu
mbele ya ukuta anaodhani ni mlango.
Ipo, wapi?
Iko, kwa ushahidi wa nani?
Imo, mwa nini?

Usiku, Mto Mama umeganda hadi kimya,
Virve akachukua dadu ya mjukuu wake.
Akairusha, akaandika tarakimu, akaifunika kwa kadi ya posta.
Akairusha tena. Akaandika. Akafunika.
Mara sitini.
Kisha akaikunja karatasi macho yakiwa dirishani.

Kesho yake akaiweka mezani, kando ya sukari.
"Hii hapa. Imeandikwa.
Bado haijawazwa na yeyote, hata na mimi.
Mkono wangu ndio ulioipitia, na mkono hauna kichwa."

Heldur akanyoosha mkono. Akaurudisha.
Akiifungua, atakayemkuta mle si yule tena.
Asipoifungua, amekwisha kushindwa.
Wakaitazama karatasi hadi chai ikaota utando.
Halafu mzee akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya
tangu mkewe alale chini ya theluji ya mwaka juzi.

Jumatatu alikuwa akijenga jiko Mtaa wa Viazi.
Aliibandika nyuma ya kigae, safu ya tano,
akaipiga udongo mbichi, akalainisha kwa kidole gumba.
Watu wale huota moto pale,
huanika soksi za watoto pale,
hawajui.

Imo, basi? Sijui.
Moto huenda umeshaila,
na kama umeila, umekula wino
au umekula nini?

Februari, Virve akafika nyumba namba kumi na saba.
Mwenyewe alifariki Novemba.
Friji imechomolewa, imeachwa mlango wazi.
Taa zimetolewa hata globu.
Akashuka, akapangusa kioo.
Mita ilikuwa imesogea.
Uniti tatu.

Akaziandika, maana ndiyo kazi yake.
Kisha akazima tochi,
akasimama kidogo,
akasikiliza gurudumu likizunguka.